Kiboksi Katikati ya Chang'ombe

Bango lilikuwa la mita 3 kwa 2, la sendofu, rangi ya damu ya mzee na maandishi ya dhahabu. Nilipofika ukumbini jioni kuchukua salio la malipo yangu, mama mzazi wa binti alinishika mkono akanivuta mpaka mbele ya jukwaa. Jina la binti lilikuwa limekaa vizuri, herufi zimejikunja kama vikonyo vya mzabibu, tarehe iko sawa. Mstari wa chini ndio uliotaja nyumbani kwao, na pale palisomeka "Chang", halafu kiboksi kitupu, halafu "ombe".

"Mwanangu, hiki kidude ni nini?"

"Nisamehe mama," nilimjibu, "naenda kukirekebisha sasa hivi."

Nilipanda bodaboda mpaka ofisini, nikakata kipande cha stika ya damu ya mzee cha kufunika kiboksi, na kingine chembamba cha dhahabu cha kuweka juu yake. Nikarudi, nikapanda kiti, nikabandika wageni wakiwa wameshaanza kuingia. Kwa mbali ilipendeza. Kwenye picha za karibu kiraka kinaonekana, na picha hizo zitakaa kwenye albamu ya familia ile miaka yote. Nikilikumbuka bado linaniuma.

Nafanya kazi ya usanifu wa machapisho hapa Dodoma: kadi, mabango, lebo, vipeperushi, fulana. Tangu Serikali ianze kuhamia huku, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kazi zimeongezeka na vijana wanaozifanya nao wameongezeka. Wengi wakija mezani kwangu wana swali lilelile: fonti nzuri za bure napata wapi? Huwa nawasimulia kwanza habari ya kile kiboksi, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu fonti za bure kilianzia pale.

Ile fonti niliipakua usiku, kwa bando la usiku, baada ya kuiona herufi yake kubwa ya mwanzo na kuipenda. Sikuikagua. Siku ya pili baada ya sendofu ndipo nilipoifungua kwa utulivu nikaona kilichotokea. Fonti ni faili lenye vichoro vidogo vidogo vya herufi na alama, kila kichoro na namba yake. Ukibonyeza kitufe, programu inatafuta kichoro chenye namba ya alama ile. Kisipokuwemo inaweka cha akiba, na mara nyingi hicho cha akiba ndicho kiboksi. Aliyetengeneza fonti ile alichora A mpaka Z, tarakimu, nukta, mkato, na ritifaa (kile kialama cha kwenye ng') moja, ile iliyosimama wima kama msumari. Mimi niliandika hiyohiyo ya wima. Lakini programu ninayotumia, kama nyingi nyingine, huibadilisha yenyewe ikawa ritifaa iliyopinda, mfano wa mkato uliopandishwa juu. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Ya pili haikuwemo kwenye faili, na mimi macho yangu usiku ule yalikuwa kwenye jina la binti, si kwenye mstari mdogo wa chini.

Mchoraji sina la kumlaumu. Alichora herufi alizozihitaji yeye. Kwetu sisi ritifaa si pambo, ni sehemu ya sauti. Ukiiondoa, ng'ombe si ng'ombe tena.

Watu wa fonti dunia nzima wanakijua kiboksi hiki. Wanakiita tofu, kwa kufananisha na vile vipande vyeupe vya maziwa ya soya yaliyogandishwa ambavyo huliwa sana Asia ya Mashariki. Google walipoanza kutengeneza familia kubwa ya fonti za kuandikia lugha nyingi za dunia, waliipa jina Noto, kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hakuna tofu". Noto ni ya bure, na ni fonti ya kutegemea kama bati la geji nzito. Haitakupa kadi ya harusi ya kumtoa mtu machozi, lakini haitakuaibisha ukumbini.

Siku hizi, kabla sijapakua chochote, naandika mstari wangu mwenyewe kwenye kile kisanduku cha kujaribia ambacho tovuti nyingi za fonti zinacho. Sentensi za majaribio wanazoziweka wao zimetungwa ili zibebe herufi zote za Kiingereza, na nyingi zinajivunia Q na X ambazo sisi hatuna kazi nazo. Mstari wangu ni huu:

Ng'hong'onha, 0123456789, Sh. 15,000/=, wanawake wakawakaribisha

Ng'hong'onha ni kata ya hapa jijini, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Asiyewahi kuliona jina hilo kwenye maandishi anadhani kitufe kimekwama. Lina ritifaa mbili katika neno moja, na fonti ikilipita bila kiboksi, nina imani itayapita majina mengi ya Kigogo. Tarakimu zimo kwa sababu kila bango la Tanzania lina namba ya simu. Ile /= imo kwa sababu mteja wa bei anataka kuiona, na kuna fonti za mapambo ambazo hazina kabisa alama ya sawasawa. Maneno ya mwisho ni ya kupima a, k na w, herufi ambazo Kiswahili kinazitumia mchana na usiku. Zipo fonti ambazo herufi yake a ni duara lenye kijiti kidogo tu pembeni. Kwenye neno moja zinavutia. Ukiandika aya nzima, kwa lugha yenye a nyingi kama yetu, mbali kidogo tu msomaji anaona o mtupu.

Tarakimu ziliwahi kunisumbua kwa namna nyingine pia. Raleway ni fonti nzuri, nyembamba, ya kisasa, na ni ya bure. Lakini tarakimu zake za kawaida zimechorwa kwa mtindo wa zamani: nyingine zinapanda juu ya mstari, nyingine zinashuka chini. Ndani ya aya ya kitabu ni uzuri mtupu. Kwenye namba ya simu ya fundi seremala aliyetaka bango lisomeke kutoka barabarani, zilionekana kama zimepangwa na mtoto. Fundi aliniambia kwa upole, "Kaka, namba zangu zisimamishe," na alikuwa na haki. Ndani ya fonti hiyohiyo zipo tarakimu za kusimama, ila lazima programu yako iwe na uwezo wa kuzichagua.

Halafu kuna urefu wa maneno yetu. Kiingereza kinasema kwa maneno matatu mafupi kile ambacho sisi tunakifunga kwenye neno moja. "Tunawakaribisheni" halitaki kukatwa katikati, na bango lina upana wake. Kwa hiyo fonti nyembamba zilizosimama, kama Barlow Condensed, Roboto Condensed na Oswald, kwangu ni chakula cha kila siku. Oswald ilichorwa na Vernon Adams, Mwingereza, na ndiye aliyechora pia Pacifico, ule mwandiko mnene wa brashi unaouona kwenye vibanda vya juisi na saluni kuanzia Majengo hadi Kisasa. Alifariki mwaka 2016. Sidhani kama aliwahi kuisikia Dodoma, na kazi za mikono yake ziko juu ya milango yetu. Alizitoa bure kwa leseni inayomruhusu hata muuza juisi azitumie kibiashara. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu neno "bure" ndilo lililonigharimu zaidi kuliko kiboksi.

Kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kiliniomba lebo ya chupa za mafuta. Niliwafanyia kwa moyo wote. Ua la alizeti nililichora mwenyewe kwa mkono, jina la bidhaa nikaliandika kwa fonti ya bure niliyokuwa naipenda sana. Tulichapa stika 2,000. Biashara ikakua, wakaamua kusajili alama yao ya biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kijana wa sheria aliyekuwa anawasaidia akanipigia simu kuuliza: ua nani kachora? Nikamjibu. Na herufi? Nikanyamaza.

Nilirudi kwenye faili la zipu nililopakua. Ndani yake, pamoja na fonti, palikuwa na faili dogo la maandishi ambalo sikuwahi kulifungua. Liliandikwa kwa adabu kabisa: fonti hii ni bure kwa matumizi binafsi, kama unataka kuitumia kwenye bidhaa au biashara, niandikie tukubaliane bei. Niliandika, nikajibiwa siku hiyohiyo. Bei ilikuwa ya haki kwa mtu wa nchi yake, ila kwa dola, na ilizidi walichonilipa akina mama kwa lebo nzima. Hawakuwa na sababu ya kulipia kosa langu. Nilichagua fonti nyingine yenye leseni huru, nikalichora upya jina, nikachapa stika mpya kwa hela yangu. Zile zilizobaki za zamani nilizichoma nyuma ya ofisi.

Tangu siku hiyo, ndani ya zipu nafungua karatasi kwanza, herufi baadaye.

Kuna "bure" za aina nyingi, na tovuti nyingine zinazitaja waziwazi kama una subira ya kusoma. DaFont, ambayo nadhani ndiyo wengi wetu tulianzia, huweka maneno madogo karibu na kitufe cha kupakua: hii ni bure kabisa, hii ni ya matumizi binafsi tu, hii ni ya maonyesho, hii mwenyewe anaomba mchango. Fonti ya maonyesho mara nyingi imekatwa makusudi, ritifaa na tarakimu zimeachwa kwenye toleo la kulipia. Kadi ya mwaliko wa mtoto wako mwenyewe ni matumizi binafsi. Kadi unayolipwa kuitengeneza ni biashara, hata kama umelipwa elfu kumi na soda.

Leseni ninayoitafuta mimi inaitwa SIL Open Font License. Kwenye zipu utaiona kama faili la OFL. SIL ni shirika la wanaisimu wanaoshughulika na lugha ndogondogo za dunia, na toleo la leseni hiyo linalotumika sana, la 1.1, lilitoka mwaka 2007. Inasema hivi, kwa lugha ya mezani kwangu: itumie kwa kazi yoyote, ya hela au isiyo ya hela, mgawie mwenzako, ukitaka ifungue uongeze herufi zinazokosekana, ila ukiibadilisha na mwenyewe amelihifadhi jina lake, ipe yako jina jingine, usiiuze fonti peke yake kama bidhaa. Na lebo, kitabu au bango ulilolitengeneza nayo ni lako, leseni hailigusi.

Mahali pa kupata fonti za bure ni pengi. Google Fonts ilifunguliwa mwaka 2010 na sasa ina familia za fonti zaidi ya 1,500, zote za leseni huru. Unaandika mstari wako, unaona, unapakua. Kama una muda wa kwenda sehemu moja tu, nenda hapo. Font Squirrel wanachambua fonti zinazoruhusiwa kibiashara na kuweka alama za matumizi, japo karatasi bado naisoma mwenyewe. Fontshare ni ya kampuni ya Kihindi iliyotengeneza Poppins, ina vitu vya kisasa sana. The League of Moveable Type ni ndogo, ila kila kilichomo kimechaguliwa kwa mkono. Faili la fonti ya kawaida ni dogo, mara nyingi chini ya picha moja ya simu, kwa hiyo bando lisiwe sababu. Na ukiona "fonti" ambayo jina la faili lake linaishia na exe (hiyo ni programu, si fonti) badala ya ttf au otf, ifute palepale bila kuibonyeza.

Najua vijana wengi hawapiti huko. Wanapita kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, ambako mtu anarusha folda lenye fonti elfu tano, zimechanganywa za bure na za kuibwa, majina yamebadilishwa, karatasi za leseni zimetupwa. Nami nililibeba folda la namna hiyo kwenye flashi kwa miaka, najisikia tajiri. Tunaumia sana kazi za wanamuziki wetu zinapokopiwa na kuuzwa vibandani. Mchora herufi naye ni msanii, na baadhi yao wanamaliza mwaka mzima kwenye familia moja ya fonti. Lile folda nililifuta. Nikabaki na fonti 40 hivi, kila moja na karatasi yake ndani ya folda lake, na kazi zangu hazijapungua uzuri. Nafikiri zimeongezeka, maana sasa fonti zangu nazijua tabia.

Wanaofanya kazi kwa simu, kwa PixelLab, wanaweza kuziingiza fonti hizihizi za leseni huru kwenye programu ile, huhitaji kompyuta. Wa Canva, ile programu ya usanifu ya mtandaoni, wana fonti ndani ya Canva yenyewe, ambazo huwezi kuzitoa ukazibeba kwingine. Mteja akikuomba faili ampelekee mchapaji mwingine, hilo likumbuke mapema.

Kwa kadi za ndoa za Kiislamu, ambazo hunijia sana kutoka Kondoa, Bismillahi na aya naziandika kwa Amiri. Ni fonti huru iliyochorwa na Khaled Hosny wa Misri, kwa kufuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo. Ina heshima ya mwandiko wa msahafu. Lakini kuwa mwangalifu: programu isiyowekwa sawa kwa Kiarabu itazitenganisha herufi na kuzigeuza zianzie kushoto, na asiyesoma Kiarabu hatagundua. Mimi kila kazi ya namna hiyo naipeleka kwa ustadhi wa mtaani kwetu kabla haijaenda kuchapwa. Aya iliyovunjika haibandikwi kiraka cha stika.

Kuna moja nimeibakiza, kwa sababu ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Mwalimu wa chekechea wa Veyula alitaka kadi za kufundishia kusoma. Watoto wake, alisema, wanachanganyikiwa: yeye ubaoni anaandika a ya duara na mkia, kadi za kununua zina a yenye kofia juu, tena I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zote ni kijiti. Nilitafuta fonti ya watu wanaoanza kusoma, leseni ikiwa OFL, na nikakutana na jina ambalo nililisoma mara mbili. Inaitwa Andika. Ni ya SIL, na jina wamelitoa kwenye Kiswahili, kwa maana hiyohiyo unayoijua wewe. Herufi a na g zimechorwa kama mwalimu anavyoziandika ubaoni. I, l na 1 kila moja ina umbo lake. Ritifaa zipo zote, ya wima na ya kupinda. Niliandika Ng'hong'onha, likasimama lote.

Nilichapa kadi zile kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi ngumu. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba bibi mmoja aliyekuwa anamfuata mjukuu wake mchana alianza kuwahi, anakaa benchi la nyuma, anafuatisha kadi kwa midomo.

Montserrat, fonti ambayo leo imeenea kwenye kila kipeperushi cha semina mjini hapa, Julieta Ulanovsky aliitengeneza kutokana na mabango na vibao vya zamani vya mtaa wake, Montserrat, Buenos Aires. Aliona herufi za mafundi wa kale zinapotea akaziokoa. Nilipolisoma hilo nilitoka na simu nikaanza kupiga picha vibao vilivyobaki vya rangi ya mkono hapa kwetu: maduka ya zamani ya Uhindini, mashine za kusaga, milango ya vinyozi, "Hapa hapauzwi" kwenye kuta za viwanja. Bango la kuchapwa limevifukuza vibao hivyo karibu vyote. Fundi rangi alikuwa na k yake yenye mguu mrefu na S iliyoketi kama kikapu, na wengi wao walifundishana kwa kutazamana.

Sasa usiku, bando likiwa la bei nafuu, nachora. Natumia FontForge, programu ya bure ya kutengenezea fonti, ngumu kidogo kuizoea lakini inafanya yote. Nafuatisha kibao kimoja cha mashine ya kusaga ambacho mwenyewe aliniruhusu, baada ya kumtafuta fundi aliyekiandika na kumwomba ruhusa yake pia. Mzee alicheka, akanikosoa n yangu, akachukua kalamu kunionyesha bega lake lilivyotakiwa kuwa. Nimefikisha herufi 31. Nilianza na C, h, a, n, g na ritifaa mbili, na Chang'ombe tayari inasomeka.